Buibui Niliyemzika kwa Haraka

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: nikipewa nafasi ya kujitetea, nitajitetea mpaka nyinyi ndio mniombe radhi.

Jina langu liacheni. Hapa Malindi najulikana vya kutosha, na kwa mambo yaliyo afadhali kidogo kuliko hili. Binti wa ndugu yangu naye nimembadilisha jina, humu nitamwita Rukia. La marehemu sikulibadilisha. Aliitwa Bi Tausi, naye alikuwa buibui.

Naam, buibui! Chekeni sasa mmalize, kwa sababu mbele huko sitakuwa na nafasi ya kuwangoja.

Si wale wa kwenye pembe za dari. Huyu alijaa kiganja, ana manyoya mwili mzima kama zulia la msikitini, na kila goti limepakwa rangi ya chungwa. Rukia anasema aina yake huitwa tarantula na kwao ni ng'ambo, mbali kuliko Arabuni. Mimi ninachojua ni kwamba alikuwa na macho mengi na yote yalikuwa yakinitazama mimi.

Kazi yangu ni udalali wa vyombo vya nyumbani. Wazungu wenye majumba ya ufuoni wakiichoka Malindi, au Malindi ikiwachoka wao, huniita nikahamisha vitanda, majokofu, makochi na picha za watu wasiovaa vizuri. Kazi hii imenifunza kwamba bei ya kwanza haiaminiki, na kwamba kila kitu lazima kihesabiwe mara mbili. Nikinunua trei ya mayai nayahesabu dukani, nikifika nyumbani nayahesabu tena, kana kwamba njiani yangeweza kutaga.

Basi miaka mitatu nyuma bibi mmoja alikuwa akifunga nyumba yake arudi kwao. Orodha ilikuwa na vitu ishirini na sita. Nikahesabu, ishirini na sita. Nikahesabu tena, ishirini na saba. Yule wa ishirini na saba alikuwa amesimama ndani ya tangi la kioo, juu ya mchanga, karibu na kifuu cha nazi kilichofunikwa kifudifudi, ananipungia mguu.

"Huyo ni wa hilo tangi," akasema yule bibi, akaingia kwenye teksi.

Nilitaka kuuza tangi na mwenyewe ndani. Rukia, ambaye anakaa kwangu kwa sababu babake anafanya kazi Arabuni, alikuwa ndiyo kwanza kamaliza shule. Akaja akachutama mbele ya kile kioo, hata hakupepesa.

"Ami, huyu usimuuze."

"Huyu anakwenda na tangi, mwanangu."

"Basi na tangi usiliuze."

Hiyo ndiyo biashara pekee niliyoshindwa bila kutaja bei ya pili.

Kwa ajili ya yule buibui, mtoto akasoma. Wallahi sitanii! Aliazima vitabu, akauliza watu, akajua panzi wa kiasi gani, maji ya kiasi gani. Alipopata nafasi chuoni Kilifi akachagua kusomea wadudu na viumbe wadogo, na alikuwa ameahidiwa kwamba muhula ukifunguliwa atampeleka Bi Tausi mbele ya darasa, amwelezee mwenyewe. Mtoto wetu mpole, asiyeweza kumwambia muuza samaki kwamba samaki ameoza, alikuwa anajiandaa kusimama mbele ya watu mia! Kila Jumamosi akija nyumbani alikuwa akifanya mazoezi chumbani, anamhutubia buibui kuhusu buibui.

Mimi nilikuwa nikisikiliza kutoka mlangoni. Ndani sikuingia. Miaka mitatu katika nyumba yangu mwenyewe, na kile chumba nilikijua mpaka kizingitini.

Ndipo akapangiwa wiki tatu za mafunzo Dabaso, kule kwenye mikoko.

"Ami, nakuachia Bi Tausi."

"Kwa nini si mke wangu?"

Mke wangu akajibu kutoka jikoni kabla hajaulizwa. "Mimi na huyo tumeelewana. Asije jikoni, nisije chumbani. Msituvunjie mkataba!"

Rukia alikuwa na mkoba begani, na gari la wenzake linapiga honi nje. "Siku hizi hali chakula, ami, na tumbo limeingia weusi. Usiwe na wasiwasi. Nitakutumia sauti kwenye simu. Zisikilize zote."

"Zote," nikasema.

Zilikuja tano. Zilinikuta nimesimama ghalani na mteja wa kabati. Ya kwanza ilikuwa ya maji: ajazwe kwenye kile kifuniko cha chupa, asinyunyiziwe mwilini. Ya pili ilikuwa ya chakula: akikataa asilazimishwe, panzi atolewe. Ya tatu ikaanza, "Ami, hii ya tatu ndiyo kubwa..." na hapo hapo mteja akataja bei iliyowatukana wazazi wangu wote wawili. Nikaizima simu nimshughulikie.

Kabati nililiuza vizuri. Kisha nikatazama simu. Sauti mbili nimesikiliza, tatu bado. Nikajiambia: watu nawajua, wasomi ndio kabisa. Neno huwa kwenye la kwanza, la pili ni kukariri, baki yote ni salamu. Nikamrudishia kidole gumba.

Mtu mzima na ndevu zangu! Anayehesabu mayai mara mbili!

Siku za kwanza niliifanya kazi kwa bidii. Asubuhi nabadilisha maji, natazama, nahesabu: buibui mmoja. Jioni natazama tena: buibui mmoja. Siku ya nne akaingia chini ya kifuu, akaufunga mlango kwa utando mweupe kama pazia. Sikuweza kumhesabu tena. Nikamtilia panzi, hakutoka. Nikakumbuka nikamtoa panzi. Rukia akauliza kwa simu, "Bi Tausi hajambo?" Nikamwambia hajambo, amejifungia ndani kama bibi harusi. Akacheka sana, akasema, "Basi mambo tayari!" Sikumwuliza mambo gani. Dalali haulizi jambo ambalo mwenzake anadhani analijua.

Siku ya saba, baada ya swala ya alfajiri, nikaingia na maji yangu. Nje ya kifuu alikuwa amelala Bi Tausi.

Hakutikisika. Miguu imejikunja. Nikaihesabu: minane. Nikaihesabu tena: minane. Nikachukua ujiti wa ufagio, nikamgusa. Akasogea mzima mzima, mwepesi kama ganda la karanga. Nikasema lahaula, masikini, njaa imemla mpaka uzito wake!

Mke wangu akasimama pale mlangoni, ndani haingii, mkataba ni mkataba.

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Basi mpigie mtoto umwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba niliachiwa mmoja tu na nimeshindwa kumtunza?"

"Ndiyo. Hayo hayo. Umeyasema vizuri."

Ningemsikiliza! Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri kidalali. Kwenye biashara yetu, ukivunja mlango wa kabati la mtu njiani, humpigii simu kumwambia. Unatafuta mlango unaofanana, unautia, unapaka vanishi, unafika unatabasamu. Mara ngapi nimefanya hivyo! Ndugu zangu, baadhi yenu mmelalia vitanda vyenye miguu ya vitanda vingine na mnaota vizuri tu.

Nikamtia marehemu kwenye kisanduku cha sabuni, nikamzika nyuma ya nyumba, karibu na mpapai. Mke wangu akaja na kikombe chake cha chai kushuhudia.

"Na matanga ni siku ngapi?" akauliza.

Nikavaa kofia yangu. Nikaenda sokoni kwa Mama Kadzo.

Mama Kadzo analima muhogo kule Magarini na kuuleta mjini. Mwanamke hodari, mikono kama makasia. Nikamsogelea nikasema naye chini kwa chini.

"Mama Kadzo, ukichimba muhogo hukutani na buibui? Wale wakubwa, wa manyoya?"

"Nawaona. Wana mashimo yao pembeni mwa shamba. Wamekukosea nini?"

"Namtaka mmoja. Mzima."

Akakiweka kisu chini. "Baba, kama ni mambo ya waganga, mimi simo."

"Si uganga. Ni wa kufuga."

Akawageukia wenzake. "Njooni mumsikilize dalali! Wenzake wanafuga kuku!"

Walicheka mpaka muuza nyanya akakosea chenji, na si kwa faida yake. Lakini Mama Kadzo ni mtu wa neno lake. Siku ya pili akanitolea kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, ndani kuna kitu kinakwaruza.

"Bei gani?" nikauliza.

"Bei ya nini? Chukua tu! Tangu Magarini ananikwaruzia masikio."

Hapa, jamani, mdomo wangu ulifanya kazi bila kunitaka shauri. "La, Mama Kadzo. Hapo hujanipunguzia."

"Nikupunguzie bure?"

"Tia japo muhogo mmoja."

Akatia miwili, mradi niondoke. Nami nikaondoka kifua mbele. Buibui bure na mihogo miwili juu! Niliiona ndiyo biashara ya mwaka.

Nyumbani nikamtazama vizuri mgeni wangu. Ukubwa ulikaribia. Manyoya yapo. Miguu minane, na mara ya pili minane. Tatizo lilikuwa rangi. Huyu alikuwa wa kijivujivu kama jivu la kuni, na magoti yake hayakuwa na chungwa hata chembe.

"Mpake hina," akasema mke wangu kutoka mlangoni.

Nawaungamia kila kitu, kwa hiyo na hili nitalisema: nilifikiria.

Mwishowe nikaona nitasema amefifia kwa huzuni ya kumkosa Rukia. Nikalifungua kopo, nikalipindua ndani ya tangi. Mgeni akasimama kidogo, akazunguka kioo mara moja, akafika kwenye kifuu. Akaupapasa ule utando uliobaki mlangoni kwa miguu ya mbele, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Akauchana. Akaingia.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Ameingia kama mwenye nyumba."

Sikusikia kitu. Hilo watu huniuliza. Hapakuwa na sauti yoyote.

Siku zilizobaki mgeni alitulia ndani. Panzi hakutaka. Nikasema ugeni huo, atazoea. Rukia akiuliza namwambia hajambo, na kila "hajambo" ilikuwa nyepesi kuliko iliyotangulia.

Rukia akarudi Jumamosi mchana, miguu ina tope la mikoko hadi magotini, uso unang'aa. "Shikamoo ami, shikamoo mama," na moja kwa moja chumbani. Nikamfuata. Kwa mara ya kwanza nikavuka kizingiti naye.

Mgeni alikuwa nje, amejinyoosha juu ya mchanga.

Rukia akainama mbele ya kioo. Kisha akasema, "Ami, huyu nani?"

"Ni yeye. Amefifia kidogo. Mawazo."

"Ami."

"Na kukukosa pia..."

"Ami. Bi Tausi yuko wapi?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe ukatoka ukweli bila bei. Nikamwambia. Alikufa siku ya saba, nilimkuta nje ya kifuu, nimemzika penye mpapai, huyu ni wa badala, samahani mwanangu.

Nilidhani atalia. Badala yake nikaona macho yanamtoka kwa hofu. Hakunitazama mimi. Alikuwa anakitazama kifuu.

Akamsogeza mgeni kwa kikombe, akakiinua kile kifuu.

Chini yake palikuwa na mabaki. Miguu mitano, kipande cha mgongo. Lakini rangi yake! Sijaona chungwa kama lile. Weusi unameta, manyoya mapya, magoti kama yamechovywa asubuhi ile. Kitu kipya kabisa, kama kimetoka kwenye karatasi yake, na kimeliwa.

"Wawili," nikasema. Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe. "Walikuwa wawili?"

Rukia akanyoosha mkono. "Nipe simu yako."

Akaitafuta ile sauti ya tatu, akaiweka simu juu ya meza, akaiacha iseme.

"Ami, hii ya tatu ndiyo kubwa. Bi Tausi anataka kujivua. Atajifungia, atalala chali, usimguse, hajafa. Baadaye utaona kama maiti yake imetupwa nje ya kifuu, ina miguu yote minane, ina kila kitu. Usishtuke! Hilo ni ganda tu, ni nguo kuukuu. Yeye mwenyewe yumo ndani, laini kama maini mabichi, hata chonge zake ni laini, hawezi kujitetea hata kwa sisimizi. Usimtilie kitu hai humo ndani. Chochote chenye meno kitamuua."

Rukia akatoka nje. Hakuupiga mlango. Aliurudisha polepole, na ningependa zaidi angeupiga.

Simu haikujua kwamba mwenye sauti katoka. Ikaendelea na ya nne: baada ya wiki apewe panzi mdogo, na ami jaribu kumpiga picha, akitoka na rangi mpya ni mzuri sana. Kisha ikaja ya tano. Mke wangu alikuwa ameshaingia chumbani, mkataba umevunjika, tumesimama wote wawili kama watu walioitwa polisi.

"Asante, ami. Mama Salim wa jirani aliniambia nimwachie yeye, nikakataa. Nilimwambia ami wangu hatazami kitu mara moja."

Hiyo ndiyo niliyoikisia kuwa ni salamu tu.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikachimba kwa mikono. Kisanduku cha sabuni kilikuwa kimelowa lakini ganda lilikuwa zima. Nikaliweka kwenye kisahani, nikamfuata Rukia alikokaa, kwenye ngazi za jikoni. Akaliangalia. Akaingia ndani akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na maganda mengine mawili, juu ya pamba, moja dogo kuliko lingine. La mwaka wa kwanza na la mwaka wa pili. Akaliweka langu la tatu kando ya hayo mawili, bila kuvunja hata mguu.

Yalikuwa yamekaa hatua kumi kutoka mahali ninapokunywa chai, siku zote hizo. Sikuwahi kuuliza, mtoto, humo koponi mna nini?

"Kwa nini hukunipigia tu, ami?" akasema. "Asubuhi ile. Ungesema tu, Rukia, Bi Tausi amekufa."

"Niliogopa utalia."

"Ningecheka," akasema. "Ningecheka sana. Ningekwambia hajafa, ami, mwekee maji uende zako kazini."

Yule mgeni wa Magarini, Rukia alimrudisha mwenyewe Jumatatu, ndani ya kopo lilelile, mpaka pembeni mwa shamba la Mama Kadzo. Akasema huyo hana kosa, aliletwa. Mama Kadzo akamwuliza kama ni kweli ami wake aliomba punguzo la bure. Nasikia hapo ndipo Rukia alipotabasamu kwa mara ya kwanza.

Darasani alikwenda na kopo la maganda. Wanasema alizungumza vizuri. Mimi sikualikwa, nimepata habari kutoka kwa mke wangu, ambaye alialikwa. Shikamoo bado napewa, mtoto ana adabu zake. Lakini siku hizi akiondoka, ufunguo wa chumba anampa mama. Maelezo vilevile anampa mama. Nikiingia wakizungumza, anabadilisha mazungumzo kwa heshima: ami, chai yako inapoa.

Basi nyinyi mnaonisoma, mmoja wenu leo ameharibu cha mtu. Namjua, ameshashika kofia anataka kwenda kutafuta kinachofanana. Kaa chini! Mpigie mwenyewe. Mwambie kama kilivyo, kabla hujatengeneza chochote, kabla hujaongeza kitu chako juu ya kosa lako. Pengine utatukanwa, na ni haki yako. Pengine kitakuwa kimeharibika kweli na mtalia wote wawili.

Na pengine utachekwa tu, na mnyama awe hai.